Kusema "Imejaa"

Mjomba wangu hubeba wageni pale Dunga, wakaone viboko na jua likizama. Boti yake ya mbao inatosha watu kumi. Sasa ameona nyingine ya mtumba, ina kebini, inabeba mara tatu. Anataka yeye achukue mkopo wa sacco, mimi niongezee akiba niliyoweka ili siku moja nirudi chuo.

"Okewo, boti kubwa ndiyo salama," akaniambia. "Hili ziwa halina mzaha."

Nilikaribia kutuma pesa. Kisha nikakumbuka MV Nyerere, Septemba 2018, kule Ukara upande wa Tanzania. Hicho kilikuwa kivuko, si mtumbwi. Kilipinduka kikiwa kimejaa kupita kiasi, watu zaidi ya 200 wakafa.

Basi usalama unategemea nani anaweza kusema "imejaa" wakati mtu bado ana nauli mkononi. Leo mjomba anaweza. Nimemwona akiwarudisha watu watatu, pesa wameshatoa mfukoni. Boti ni yake, jioni hadaiwi na mtu. Gugumaji likifunga ufuo wiki nzima, anangoja tu. Mkopo haungoji.

Nimemwambia nitanunua jaketi mpya za kuokolea, boti hapana. Amenuna. Pengine ni woga tu nimeuvalisha busara, na namfungia riziki mtu aliyewahi kunilipia karo. Hilo linanikosesha usingizi. Lakini sitaki pesa yangu ndiyo imnong'oneze siku moja: ongeza mmoja tu.