Kujuana na Stara

Wahenga walinena: asiyekujua hakuthamini. Kauli hii ndiyo hoja ya mwalimu anayewasimamisha wanafunzi wapya siku ya kwanza na kuwataka wajitambulishe. Katika shule za sekondari za Mwanza desturi hiyo ina sababu ya nguvu zaidi, kwani wanafunzi wa kidato cha tano hupangiwa shule na Serikali kutoka mikoa mbalimbali. Mtoto wa Ukerewe aliyevuka ziwa hujikuta dawati moja na mtoto wa Bukoba, wa Tarime au wa Lindi, nao hawajapata kuonana. Basi mwalimu huwapanga duara, hurusha mpira wa matambara, na kila anayeudaka hutaja jina lake, kwao alikotoka na jambo moja alipendalo. Au huwagawa wawili wawili, kila mmoja amhoji mwenziwe kwa dakika chache, kisha asimame amtambulishe mbele ya darasa. Watoto hucheka, na ukimya wa asubuhi huondoka.

Hata hivyo, ndani ya kicheko hicho mna swali zito. Je, mtu ana haki ya kumtaka mwenziwe ajieleze mbele ya watu asiowajua? Na yale yanayopatikana kwa amri, yafaa kuitwa kujuana?

Kando ya Ziwa Viktoria swali hili si la vitabuni tu. Katika miaka ya 2000, mauaji ya watu wenye ualbino yalipozidi Kanda ya Ziwa kwa sababu ya imani za kishirikina, watoto wengi walipelekwa shule za bweni ili walindwe, na mojawapo ilikuwa Mitindo, wilayani Misungwi, kusini ya mji wa Mwanza. Yako mashambulizi ambayo ndugu wa damu walitajwa kuwa miongoni mwa washiriki. Mtoto aliyepitia hayo, akiambiwa kwa uchangamfu, "Tueleze habari za nyumbani kwenu," anaombwa nini hasa? Ana njia mbili tu: aseme uongo siku ya kwanza ya urafiki, au afunue jeraha mbele ya watu ambao bado hawajamfaa kwa lolote. Wala si yeye peke yake. Yatima aliyelelewa na bibi, na yule ambaye baba yake alikwenda visiwani kuvua asirudi, nao huulizwa kazi ya baba kwa sauti ile ile. Mtu ana stara ya moyo kama alivyo na stara ya mwili, na hakuna mwalimu ambaye angethubutu kumwamuru mwanafunzi avue shati mbele ya wenziwe ili wamfahamu vizuri zaidi.

Atatokea wa kusema: basi heri kunyamaza, kila mtu abaki na yake. Jibu hilo ni jepesi kupita kiasi. Kimya hakimwachi mtoto salama. Darasa lisilopewa jina la mtu hujitafutia jina kwa macho: yule mfupi, yule wa visiwani, yule zeruzeru. Kabla ya juma kwisha jina la macho huwa limeshika, na aliyebandikwa hujibu akiitwa, maana hana lingine linalojulikana. Jina la mtu ni nguo yake ya kwanza. Asiyepewa nafasi ya kulitaja huvishwa tambara na wengine. Kwa hiyo kumwuliza kuna hatari, na kutomwuliza kuna hatari. Lililobaki ni kutazama namna ya kuuliza.

Hapo wazee wa ziwa wana la kufunza. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza kuiandika kwa Kikerewe mwaka 1945 riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1980, hakuona taabu kueleza kwa kituo jinsi watu wanavyosalimiana na jinsi mgeni anavyokaribishwa. Msomaji mwenye haraka aweza kuchoka, lakini katika taratibu hizo mna falsafa: mgeni hupewa kwanza, kisha huulizwa. Hupewa salamu, hupewa pa kukaa, ndipo haja yake hutakwa. Darasani mambo hupinduka. Mgeni huulizwa kabla ya kupewa chochote, na aulizaye mara nyingi hasemi lolote juu ya nafsi yake.

La pili ni utani. Wasukuma na Wanyamwezi wana watani wao, wakiwamo Wazaramo wa pwani, na wengi huuhusisha utani huo na misafara ya karne ya 19 baina ya bara na Bagamoyo, watu wageni walipolazimika kupitiana nchi kwa nchi. Mtani hukutania, hukudharau hadharani, nawe hukasiriki. Lakini siku ya msiba mtani huyo huyo hufika, hushika kazi za mazishi, na huwachekesha wafiwa ili wasizame katika huzuni. Anayekucheka ndiye atakayekuzika. Kwa sababu hiyo kicheko chake si matusi: kimekwisha kulipiwa kwa wajibu. Asiye na wajibu huo akikucheka umbo au rangi ya ngozi, huyo si mtani, ni mchokozi.

Kosa la michezo ya kujuana, basi, si furaha yake. Kosa ni kuchukua habari za mtu bila kubaki na deni kwake. Mwalimu na aanze yeye kutoa, ataje jina lake na jambo la maisha yake, ili swali litoke kwa mtu aliyekwisha kujitoa. Jina liwe la lazima, na mengine yawe ya hiari. Wale wawili wanaohojiana na wafunzwe kuulizana kwanza, "Nikutajie lipi mbele yao?" Kisha kila mmoja aondoke na dhamana: mwenziwe akipatwa na malaria, yeye ndiye atakayemwandikia masomo ya siku hiyo na kwenda kumjulia hali bwenini.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kipimo cha kujuana hakipatikani siku ya mpira wa matambara. Hupatikana miezi baadaye, dawati moja linapokuwa tupu asubuhi na mwalimu akauliza, "Nani hayupo?" Darasa likitazamana bila jibu, basi siku ile lilicheza tu. Akisimama mmoja akataja jina, kisha akasema mwenye jina hilo yuko wapi na amemwacha katika hali gani, hapo watu wamejuana, hata kama hajui kilichompata mwenziwe nyumbani kwao.