Haki ya Kucheka Penye Mateso

Iwapo mtu anaruhusiwa kucheka mahali ambapo wengine wanakufa ni swali la zamani katika falsafa ya maadili, yaani elimu inayochunguza wema na uovu wa matendo ya binadamu, lakini karne ya 20 ililipa uzito mpya pale msafiri alipoanza kwenda kwa hiari yake katika nchi zenye vita, njaa au udikteta, kisha akarudi kwao na kitabu cha kuchekesha. Mfano mashuhuri ni Holidays in Hell cha mwaka 1988, ambamo Mmarekani P. J. O'Rourke aliieleza Lebanon ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa mtindo wa vitabu vya kuongozea watalii, vizuizi vya wanamgambo vikiwa miongoni mwa mambo ambayo mgeni anapaswa kuyazoea. Msomaji wa Kiswahili hawezi kulitazama jambo hili kwa mbali, kwa kuwa mwandishi huyo huyo aliitengea Tanzania sura nzima katika Eat the Rich cha mwaka 1998, akiuliza kwa mzaha kwa nini nchi yenye neema nyingi hivyo ibaki maskini.

Wanaokipinga kicheko cha namna hii wana hoja nzito. Aristotle alifundisha kwamba kinachochekesha ni kasoro isiyoleta maumivu wala maangamizi, na kwa kipimo hicho Lebanon, iliyopoteza zaidi ya watu 100,000 kati ya 1975 na 1990, haichekeki kabisa. Thomas Hobbes, katika Leviathan ya 1651, aliona kwamba anayecheka hujawa na fahari ya ghafla kwa kujilinganisha na udhaifu wa mwenzake. Dini nazo zimeonya: Kurani, katika Sura al-Hujurat aya ya 11, inawakataza watu kuwadhihaki wengine kwa kuwa huenda wanaodhihakiwa ni bora kuliko wao, na Mithali 17:5 inamhesabu anayemcheka maskini kuwa amemtukana Muumba wake.

Hata hivyo, katika Hoteli ya Commodore huko Beirut magharibi, walikofikia waandishi wa habari wa kigeni wakati wa vita vya Lebanon, alikuwapo kasuku aliyeiga mlio wa kombora linalokuja kwa ufundi mkubwa kiasi cha kuwafanya wageni wapya wajitupe sakafuni, huku wazoefu wa hoteli wakiangua kicheko. Ni vigumu kukiita kicheko hicho dharau, kwani kombora la kweli lingeweza kumwangukia yeyote kati yao, mcheshi na mchekwa. Kipimo cha Aristotle huuliza maumivu ni makubwa kiasi gani, lakini hakiulizi ni nani anayeshiriki maumivu hayo.

Katika suala hili, utani wa Afrika Mashariki umefika mbali kuliko Hobbes. Utani ni uhusiano wa kurithi baina ya koo au makabila, unaowapa watu ruhusa ya kudhihakiana bila kukasirikiana, na umewaunganisha hata waliowahi kuuana, kama Wangoni na Wahehe waliopigana vikali katika karne ya 19. Msibani mtani humwiga marehemu, hujilaza kaburini na kudai alipwe kwanza ndipo atoke, na wafiwa hucheka machozi yakiwatoka. Lakini ruhusa hiyo ina gharama: mtani huyo huyo ndiye anayetarajiwa kushika jembe, kuteka maji na kuhangaika na shughuli za mazishi, na siku akifiwa yeye, aliowacheka watakuja kwake kumfanyia vivyo hivyo. Wajibu wa kazi na haki ya kujibu, mambo mawili haya, ndiyo yanayoufanya mzaha wa kaburini kuwa rehema.

Msafiri mcheshi kwa kawaida hana hata moja kati ya hayo. Mwandishi Mwingereza Evelyn Waugh alikwenda Ethiopia mwaka 1935 kuripoti uvamizi wa Italia, na Waugh in Abyssinia, kilichochapishwa mwaka uliofuata, kiliwacheka Waethiopia na kuishia kuwasifu wavamizi kwa barabara waliyoijenga, ilhali jeshi lao lilikuwa limetumia gesi ya sumu. Hiyo ni fahari ya Hobbes bila kupungua. Safari hiyo hiyo ilizaa Scoop, riwaya ya 1938, ambamo pigo kubwa linaangukia magazeti ya London na waandishi wake wanaotunga habari hotelini; Waafrika hawakusalimika humo pia, lakini walau mcheshi alilicheka kundi lake mwenyewe. O'Rourke naye aliiweka Marekani yake katika Holidays in Hell, na alipoandika juu ya njaa ya Somalia mwaka 1994 aliwashambulia wenye bunduki waliokizuia chakula, jambo linalokaribia kazi ya mtani. Kinachokosekana bado ni upande wa pili: Msomali, Mlebanoni au Mtanzania anayepewa viza bila kudhalilishwa, akaenda Ohio alikozaliwa O'Rourke, akayaandika kwa mzaha aliyoyaona, na wenyeji wa huko wakamsoma bila kununa.