Mwamuzi Anayecheza

Jumatano ya tarehe 13 Januari 2021, saa tatu usiku, nilikuwa nimekaa kitandani nikimsubiri mpinzani wangu aingie uwanjani. Uwanja wenyewe ulikuwa ndani ya simu: gemu ya mpira ya Konami, ambayo wakati ule sote tuliiita PES, kabla haijabadilishwa jina kuwa eFootball. Mpinzani alikuwa kijana wa Kwapa, gombolola ya wilaya ya Tororo iliyo jirani na mpaka. Mimi nilikuwa Busia, upande wa Kenya. Ligi yetu ilikuwa na wachezaji 24, nusu huku, nusu kule, na ilisimamiwa na watu wanne kwenye kundi la WhatsApp. Nilikuwa mmoja wa hao wanne.

Nilisubiri dakika 20. Sheria yetu ilisema asiyetokea ndani ya dakika 15 amefungwa tatu bila. Nikapiga picha ya skrini inayoonyesha chumba cha mechi kikiwa na mtu mmoja tu, nikaituma kundini. Wasimamizi wawili wakaipitisha, na mimi mwenyewe nikaweka alama ya kukubali. Saa nne haijafika jedwali likawa limeshabadilishwa. Msimamizi wa nne hakusema kitu. Naye alikuwa wa Kwapa, na jioni ile serikali ya Uganda ilikuwa imezima intaneti nchi nzima, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu.

Intaneti ilirudi Jumatatu, tarehe 18. Ujumbe wa kwanza wa yule kijana ulikuwa na maneno manne: "Kaka, aliyenifunga ni nani?"

Nilianza kuandika kwamba ni sheria, nikafuta. Nikaandika kwamba ni serikali yenu, nikafuta tena. Swali lilikuwa la haki na lilinitaka nijitaje.

Watu wakizungumzia usimamizi wa kundi la wachezaji hufikiria kazi ya ulinzi: kumtoa mtukanaji, kufuta matangazo ya kamari na mikopo, kunyamazisha ugomvi wa usiku wa manane. Kazi hiyo ipo na inachosha, lakini kwa kiasi kikubwa ni kazi rahisi, kwa sababu karibu kila mtu anakubaliana juu yake. Ugumu uko kwingine. Refa wa uwanja wa nyasi akipuliza kipenga hapati pointi. Msimamizi wa ligi kama yetu ana timu yake, ana nafasi yake kwenye jedwali, ana mtu anayemfukuza kwa pointi mbili. Anahukumu akiwa amevaa viatu vya mpira. Na huwezi kumwambia asicheze, maana ni mapenzi ya mchezo yaliyomfanya akubali kazi isiyo na mshahara. Ukimtafuta mtu asiyecheza aje asimamie, hatakuja, na akija hatajua tofauti ya mtu aliyekatikiwa na mtandao na mtu aliyezima data makusudi alipoona anafungwa dakika ya 80.

Nimeona tatizo hilohilo likitatuliwa bila simu. Kuna steji moja ya bodaboda Busia ambapo vijana hucheza drafti mchana abiria wakiwa wachache. Ubao ni kipande cha mbao kilichochorwa miraba kwa kalamu, kete ni vifuniko vya soda, upande mmoja vimelala kifudifudi na mwingine chali. Mtu akidai mwenzake amesogeza kete wakati hakuna aliyeangalia, wachezaji wawili hunyamaza. Wanaosema ni waliosimama. Nimeona mwenyekiti wa steji, mtu anayeogopwa hapo, akianza kujitetea, na kijana mdogo kuliko wote akamwambia, "Mzee, wewe una kete." Akafunga mdomo. Baada ya dakika mbili ubao mwingine ulianza, mwenyekiti akiwa miongoni mwa waliosimama, na sasa neno lake likawa na uzito.

Tukio hilo lina fikra ambayo wengi wetu tunaopewa kitufe cha usimamizi hatuifikii. Kwa nini wasimamizi wawe wengi? Tulipounda ligi tulijibu haraka: kazi ni kubwa, mmoja akilala mwingine yuko macho, huku na kule kila upande uwe na watu wake. Majibu hayo ni ya mwenye duka anayeajiri wasaidizi. Tulidhani idadi yenyewe ni kinga. Lakini usiku ule wa Januari tulikuwa wanne kwa jina, watatu kwa mtandao, na mmoja wa hao watatu alikuwa na kesi. Wingi wetu ulinisaidia kujificha. Kama ningekuwa msimamizi peke yangu ningeona haya kujipa pointi tatu. Nilipoona wenzangu wawili wamekubali, aibu ikanitoka, nikaongeza alama yangu kana kwamba ni ya tatu ya haki.

Naamini wasimamizi wanapaswa kuwa wengi kwa sababu moja inayozidi nyingine zote: ili kila mmoja wao awe na mtu wa kumhukumu. Aristotle alisema katika kitabu chake cha siasa kwamba raia ni mtu anayeshiriki katika kutawala na kutawaliwa. Wasomi huisoma kauli hiyo kama maelezo ya mji wa Wagiriki. Mimi naisoma kama maelezo ya steji ya bodaboda. Mtu anayetawala tu hujifunza kutoa hukumu, na anayetawaliwa tu hujifunza kuivumilia. Anayefanya yote mawili kwa zamu ndiye anayejua hukumu ina ladha gani ikishuka kooni, na kesho akiishika kalamu ataandika kwa mkono mwingine.

Wakazi wa mpaka huu wana shule mbili za jambo hilo, zilizoachana kwa hatua chache. Upande wa Uganda kijiji huongozwa na halmashauri ya LC1, watu kumi ambao mwenyekiti wao huchaguliwa na wanakijiji wenyewe, na tena ina baraza lake la kusikiliza mashauri madogo. Upande wa Kenya kuna chifu na naibu wake, ambao huajiriwa na serikali. Ukisoma karatasi utasema Uganda imetushinda. Lakini uchaguzi wa LC1 ulifanyika mwaka 2001, kisha haukufanyika tena mpaka Julai 2018. Kwa miaka 17 kijana aliyezaliwa Kwapa alikua, akaoa, akazaa, chini ya halmashauri ileile, isipokuwa pale kifo kilipopunguza idadi. Kumi walikuwepo, zamu haikuwepo. Na siku uchaguzi ulipofanyika watu walipanga mistari nyuma ya wagombea, jambo ambalo Mkenya wa umri wangu hawezi kulisikia bila kukumbuka mlolongo wa 1988, ambapo mstari mfupi uliweza kutangazwa mshindi mbele ya macho ya waliosimama kwenye mrefu. Kwa hiyo sidanganyiki na neno kamati. Nauliza kwanza: nani anaweza kuwahukumu wanakamati, na aliwahukumu mara ya mwisho lini?

Wasimamizi wengi wana jibu la kukata mazungumzo: asiyeridhika atoke, mlango uko wazi. Nimeliandika mwenyewe zaidi ya mara moja. Mwaka 1970 mwanauchumi Albert Hirschman aliandika kitabu kizima juu ya njia mbili alizonazo mtu asiyeridhika, kuondoka au kusema, na akaonyesha kwamba kuondoka kukiwa rahisi mno, wale ambao wangesema ndio wanaokuwa wa kwanza kwenda. Hapa mpakani kuondoka tunakujua kuliko wanazuoni. Mpaka uliowekwa na wakoloni ulipita katikati ya Wateso na Wasamia, ndugu wakaamka wakiwa chini ya serikali mbili, na tangu hapo kila upande ukiwaka moto watu wamevukia wa pili. Enzi ya Idi Amin Waganda walipita njia za panya wakiwa na watoto mgongoni. Lakini muulize mzee yeyote aliyevuka kama mlango ulikuwa wazi kweli. Alivuka mwili. Ng'ombe, shamba na kaburi la baba yake vilibaki ng'ambo.

Mchezaji anayetoka kwenye ligi naye huacha kitu. Huacha jina. Kijana yule wa Kwapa alikuwa amecheza misimu miwili bila kukosa mechi hata moja. Wengine walimjua kwa hilo kuliko kwa mabao. Sokoni Malaba alikuwa mchukuzi kama wachukuzi wengine, lakini ndani ya kundi alikuwa mtu asiyekosa, na sifa hiyo haikuandikwa popote isipokuwa kwenye jedwali letu. Siku nilipokubali ile tatu bila niliandika kando ya jina lake neno "hakutokea". Pointi zingeweza kurudi mechi ijayo. Neno lile lilikuwa la uongo, na aliyeliandika ni mtu aliyenufaika nalo. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba haya ni mambo ya mchezo tu. Msimamizi ameshika majina ya watu, na mengine kati ya hayo ndiyo pekee ambayo wenyewe waliyajenga bila kurithi.

Kilichonikereketa zaidi ni hiki. Wiki nzima ile sisi wa Busia tulikuwa tukilaani. Nchi nzima imetolewa kundini bila kuulizwa, tulisema, na hakuna wa kumlalamikia. Tulikuwa sahihi, na hata baada ya intaneti kurudi Facebook ilibaki imefungwa Uganda kwa miaka. Tulilaani mamlaka isiyosikiliza upande wa pili, huku tumepitisha hukumu juu ya wachezaji wasioweza kujibu. Tatu bila sita zilitolewa kati ya Jumatano na Jumapili. Hakuna aliyekusudia uovu. Sheria ilikuwepo, saa ilikuwepo, picha ya skrini ilikuwepo. Kilichokosekana ni sauti ya aliyehukumiwa, na hatukuiona imekosekana kwa sababu ukimya wake tuliusoma kama kosa lenyewe.

Mechi sita zilirudiwa mwezi Februari. Msimamizi wa Kwapa alitaka mambo mawili yaandikwe: msimamizi mwenye mechi hana sauti juu ya mechi hiyo, na hakuna hukumu inayopita kabla upande wa pili haujaonekana umesoma ujumbe. Tukabishana siku tatu kuhusu hilo la pili, kwa kuwa wapo watakaojifanya hawajasoma. Wapo, na bado wapo. Tukaona afadhali kuchelewa.

Lililobaki lilikuwa la mwanzilishi, mmoja wa wale wawili waliopitisha picha yangu. WhatsApp ina katiba yake ambayo hakuna aliyeipigia kura: msimamizi yeyote anaweza kuvuliwa na wenzake, isipokuwa aliyelianzisha kundi, ambaye hubaki msimamizi mpaka atoke kwa hiari yake. Na kundi likiachwa na msimamizi wake wa mwisho, programu humchagua mwanachama yeyote kwa bahati nasibu. Utaratibu huu wa pili nimeufikiria sana. Waathene wa kale walijaza baraza lao la watu 500 kila mwaka kwa kura ya bahati, wakiamini kwamba raia wa kawaida anatosha. Kampuni ya WhatsApp iliufikia mpango huohuo kwa kutotaka kundi libaki bila mtu. Lakini ule utaratibu wa kwanza, wa mwanzilishi, unaweka juu ya kila kundi mtu mmoja asiyeweza kuhukumiwa, na sisi tulikuwa tumetoka kuandika kwamba kila msimamizi atahukumiwa.

Hakuna kitufe cha kuliondoa hilo. Tulilijadili mbele yake, kwa adabu, yeye akisoma. Hakujibu siku nzima. Kesho yake saa kumi alasiri skrini ikaandika kwamba ametoka. Kundi likakaa kimya, na msimamizi wa Kwapa akamrudisha baada ya dakika chache, jina lake likiwa chini kabisa ya orodha, bila alama yoyote pembeni.

Jumamosi mwanzilishi huyo alicheza na yule kijana wa Kwapa, akafungwa mbili kwa moja. Akapiga picha ya skrini, akaituma, akauliza kama imepokelewa.