Sahihi ya Pili

Kwa ploti yetu kuna mfuko wa maji. Kila nyumba inatoa kidogo kila mwezi, na sheria ni moja: hakuna pesa inatoka bila sahihi mbili, ya mwenyekiti na ya mweka hazina. Siku moja pampu iliharibika Ijumaa jioni na mweka hazina alikuwa ushago. Mwenyekiti akachukua pesa, akaita fundi, na Jumamosi asubuhi tukaoga. Tulimshangilia, mimi nikiwa mbele. Mwezi uliofuata akanunua tangi vivyo hivyo, peke yake. Risiti hatukuiona. Tulipouliza, akatuangalia tu: "Kwani si ni nyinyi mlinipigia makofi?"

Swali hilo hunirudia kila nikisikia mtu kwa matatu akisema Nairobi inahitaji mtu mmoja wa kazi, na hawa MCA warudi nyumbani.

Kabla ya uchaguzi wa 2013, meya wa Nairobi alichaguliwa na madiwani wenzake, si na mimi na wewe. Katiba ya 2010 ikaleta gavana anayepigiwa kura na kaunti nzima, na wawakilishi wa wadi 85 wanaochaguliwa kivyao. Ibara ya 185 inalipa bunge la kaunti kazi ya kuichunguza serikali ya gavana. Kwa hivyo wakigombana, kila upande unasema, "Wananchi ndio walinituma." Na wote wanasema ukweli.

Tumewahi kuonja njia ya mkato. Februari 2020, Gavana Mike Sonko alitia sahihi mkataba wa kukabidhi serikali ya kitaifa kazi nne kubwa za kaunti, zikiwemo afya na uchukuzi. Ikaundwa NMS, chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi, mwanajeshi ambaye hakuna aliyempigia kura. Desemba mwaka huohuo bunge la kaunti likapiga kura kumwondoa Sonko, na Seneti ikakubaliana nalo. Wakati huo NMS ilikuwa ikichimba visima mitaani, na wengi walishusha pumzi: hatimaye! Siwacheki. Mtu anayebeba mtungi kila asubuhi hana haja ya kuuliza maji yameletwa na kura au na amri.

Lakini siku maji yakikatika, huyo mtu anamuuliza nani?

Jirani yangu aliniambia naota. "Hao MCA wakimbana gavana, unafikiri ni kwa sababu yako? Ni kwa sababu pesa za wadi zimechelewa, ama safari imekatwa." Nilitaka kubisha, nikakosa la kusema. Mara nyingi huenda ni kweli.

Baadaye nikamkumbuka mweka hazina wetu. Naye si malaika. Wakati mmoja alikataa kutia sahihi kwa sababu tu yeye na mwenyekiti walikuwa wamekosana juu ya mahali pa kuegesha pikipiki. Nia yake ilikuwa mbaya, lakini mwenyekiti alilazimika kuleta hesabu na sote tukaiona. Swali linaweza kutoka kwa moyo mchafu na jibu bado likatusaidia, mradi litolewe mbele ya watu.

Kwa hivyo mimi siogopi sana ile siku gavana na bunge wanarushiana maneno. Naogopa siku wanapopatana ghafla. Jana ilikuwa hoja ya kumng'oa, leo ni picha za tabasamu, na hakuna anayetuambia ni nini kilibadilika usiku. Hapo ndipo ile nia mbaya inapata inachotaka, na swali letu linazikwa nayo.

Wiki iliyopita pampu ilikufa tena. Mweka hazina alitaka bei za mafundi watatu kabla ya kutia sahihi, na tukakaa siku tatu bila maji. Nilipandisha mitungi hadi orofa ya nne nikimlaani kila ngazi. Jumapili kwa mkutano, mtu alipendekeza tuondoe hii mambo ya sahihi mbili. Mabega yangu yalikuwa bado yanauma. Nilipiga kura ibaki.