Mwenye Ufa na Mwenye Ukuta

Ukitaka kuchangamsha kijiwe cha bodaboda, uliza pikipiki mpya inatembea kilomita ngapi kabla ya kushushwa injini. Mmoja atasema 20,000, na ukifika hapo bila moshi umshukuru Mungu. Mwingine ataapa kwamba yake imevuka 60,000 na bado inapanda kilima na mshikaki wa abiria mgongoni. Wa tatu atacheka tu, maana kebo ya mita yake ilikatika zamani na hajaona sababu ya kununua nyingine. Inawezekana kabisa wote wanasema kweli, na inawezekana pikipiki zao zilishushwa kutoka kontena moja, siku moja.

Hilo ndilo linalonifikirisha. Chuma ni kilekile, barabara ni zilezile, petroli ni ya vituo vilevile, lakini injini moja inachoka ndani ya mwaka na mwenzake inafika mwaka wa tano bila kufunguliwa. Tunamtazama fundi, tunatazama nembo kwenye tangi, tunailaumu nchi iliyoitengeneza. Mara chache tunauliza ni ya nani, na anayeiendesha ni nani.

Tuanze na chuma chenyewe. Injini ya Honda CG125, ambayo ndiyo mama wa injini nyingi za Kichina zinazouzwa kwetu, ina silinda yenye kipenyo cha milimita 56.5. Kitabu cha mafundi kinairuhusu ilike sehemu moja tu ya kumi ya milimita, unene wa karatasi ya daftari. Ikizidi hapo, ringi haziwezi tena kuziba, oili inapanda kwenye chumba cha moto, na walio nyuma yako wanaona moshi wa buluu kabla hujauona wewe. Sasa piga hesabu. Kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, injini ya ukubwa huu inazunguka kama mara 5,000 kwa dakika, yaani kila kilomita moja pistoni inapanda na kushuka mara 5,000 hivi. Bodaboda anayezunguka kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anavuka 30,000 kwa mwaka; pistoni yake imekwishapanda na kushuka zaidi ya mara milioni 150. Karani anayeitumia pikipiki ya aina hiyohiyo kwenda kazini na kurudi, kilomita 20 tu, atahitaji miaka mitano kufika hapo. Kwa hiyo mtu akikwambia pikipiki yake ina miaka miwili, hajakwambia kitu.

Kinachozuia hiyo sehemu ya kumi ya milimita isiishe upesi ni utando wa oili, na oili yenyewe ni lita moja hivi. Lita hiyohiyo inalainisha krenki, inaogesha gia, inasaidia kupoza pistoni, na klachi nzima imelowekwa humo. Gari dogo lina lita tatu au nne kwa ajili ya injini peke yake, na gia zina oili yake. Pikipiki haina anasa hiyo. Ndiyo maana oili ya gari, hata ikiwa ya bei kubwa, inaweza kuifanya klachi iteleze, na ndiyo maana makopo ya oili ya pikipiki huandikwa JASO MA, kipimo walichokiweka Wajapani kwa ajili ya klachi za namna hii. Na tukiwa hapohapo: oili kuwa nyeusi si kosa. Oili inayosafisha lazima ichafuke. Ya kuogopa ni ile uliyoitia miezi mitatu iliyopita, ikapungua ukaongezea, ikapungua ukaongezea, ukajihesabia kuwa umebadilisha.

Halafu kuna vumbi. Kwenye barabara zisizo na lami za Singida au Kitui, kiangazi, chujio la hewa ndilo linalosimama kati ya injini na mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Lakini chujio likiziba, pikipiki inakosa nguvu, na dawa ya haraka ya kijiweni ni kulitoa na kulitupa. Nguvu inarudi siku hiyohiyo. Kwa kinachofuata baada ya miezi kadhaa, analaumiwa Mchina.

Honda waliliona mapema jambo hili la injini kukosa matunzo. Pikipiki zao nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa na kemu juu ya silinda, inayozungushwa na taimingi cheni. Injini nzuri, nyepesi, ila kule juu ndiko oili inakochelewa kufika na ndipo pa kwanza kuumia ikiwa kidogo au chafu. Katika nchi ambako pikipiki ilibebeshwa mizigo mizito na oili ikabadilishwa kwa nadra, zilikufa mapema. Wahandisi wakaenda kutazama watu wanavyozitumia, na walipoitengeneza CG125 katikati ya miaka ya 1970 walirudi kwenye mtindo wa kale: kemu wakaishusha chini, karibu na oili, na vali zikasukumwa kwa fito za chuma. Hawakusubiri binadamu abadilike. Huwa siamui kama niusifu uamuzi ule au nisikitike. Ni heshima kwa mtu ambaye hana uwezo wa kwenda gereji kila mwezi, na papo hapo ni kumkatia tamaa kwamba hatakwenda kamwe. Waigaji waliokuja baadaye walichukua umbo la injini ile. Uzuri wa chuma chake hawakuuchukua wote. Na Boxer na TVS HLX za India, zilizojaa barabarani leo, zina kemu juu na taimingi cheni, kwa hiyo uvumilivu ule wa CG hazina kwa kiasi kilekile. Zinadai oili yake.

Sasa njoo kwa watu. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria Dar es Salaam, Mwanza au Arusha haziendeshwi na wenyewe. Kuna tajiri aliyenunua chombo. Pengine ni mwalimu, nesi, au mama mwenye genge, ila kijiweni jina lake ni tajiri. Kuna dereva anayempelekea hesabu, yaani fedha ya kila siku. Na kuna deiwaka, anayeachiwa chombo kwa saa chache dereva akiwa amechoka au amepata msiba. Watu watatu, injini moja. Muulize yeyote kati yao oili ilibadilishwa lini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunaambizana tangu shule ya msingi. Methali hii imebeba jambo moja bila kulisema: kwamba aliyeuona ufa ndiye atakayejenga ukuta. Katika biashara ya hesabu, sivyo. Dereva ndiye anayesikia tapeti zikigonga asubuhi. Ndiye anayejua kwamba tangu wiki iliyopita kiki imekuwa laini, dalili kwamba mgandamizo umeshuka, na kwamba kile kilima cha kanisani sasa kinapandwa kwa gia ya pili. Lakini kwa mapatano ya kawaida, injini ikifa ni mzigo wa tajiri. Yeye ndiye atakayejenga ukuta, na yeye hakai karibu na ufa. Pikipiki anaiona jioni, gizani, taa zimewashwa, na macho yake yako kwenye noti.

Simlaumu dereva haraka. Bei ya lita ya oili iliyo halali haiko mbali na hesabu ya siku moja. Akiinunua kwa fedha yake, ameitoa kwenye unga wa nyumbani ili kurefusha maisha ya kitu ambacho kesho tajiri anaweza kumnyang'anya kwa simu ya dakika moja. Akimwomba tajiri fedha ya oili, anaulizwa ile ya mwezi uliopita ilikwenda wapi. Basi anaacha. Haibi kitu, hadanganyi mtu. Anaacha tu, na injini inalipa kimyakimya hadi siku inaponoki.

Hata hivyo wapo wanaotunza chombo cha mtu kuliko mwenyewe angekitunza. Namfahamu mmoja Morogoro ambaye chini ya siti ameandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe zote alizobadilisha oili, moja chini ya nyingine. Tajiri wake hajawahi kuinua siti ile. Hoja ya kijana ni kwamba tajiri anaimiliki, lakini anayeikalia ni yeye. Ikizimika usiku Mlali na abiria nyuma, tajiri atakuwa amelala. Jibu hili nalipenda kuliko hotuba nyingi za uadilifu nilizozisikia, kwa sababu halijifanyi kuwa hisani.

Mkataba ulidhaniwa ungetibu ugonjwa huu wa mwenye ufa kutokuwa mwenye ukuta. Dereva analipa kila siku, tuseme shilingi 10,000, kwa mwaka mzima hivi, matengenezo yote juu yake, na mwisho anakabidhiwa kadi, chombo kinakuwa chake. Ungetegemea mtu wa namna hiyo aitunze injini kama mali yake, na wapo wanaofanya hivyo. Lakini tazama shinikizo. Rejesho halisubiri. Siku ya kukaa gereji ni siku ya deni, na madeni ya siku chache yanatosha chombo kuchukuliwa pamoja na yote aliyokwishalipa. Kwa hiyo anakimbiza saa 14, anasogeza oili wiki moja mbele, kisha nyingine. Siku 365 kwa 10,000 ni 3,650,000. Siku 365 kwa kilomita 100 ni 36,500, umri ambao injini iliyotunzwa bado ina safari ndefu mbele yake, na iliyokimbizwa hivi imeanza kula oili. Anakuwa mwenye mali siku ileile anayokuwa mwenye ukuta. Mkataba wa namna hii unamkabidhi mtu uchakavu na kuuita mtaji, na naona tumeukubali haraka mno kwa sababu mwishoni kuna kadi yenye jina lake.

Baada ya hapo tunafika kwa fundi, na hapa thamani ya mtu inapimwa kwa namna nyingine. Fundi mzuri anaweka bisibisi kwenye bloku, mpini wake sikioni, anasikiliza. Anajua kwamba moshi wa asubuhi unaopotea baada ya dakika chache mara nyingi ni sili za vali, kazi ndogo, na kwamba moshi unaozidi kila ukipiga resi ndio wa ringi. Anajua kelele ya taimingi cheni iliyolegea si kunoki kwa konrodi. Akikwambia hii bado, rekebisha tapeti urudi barabarani, amejinyima kazi ya siku mbili. Wengine hawajinyimi. Injini inafunguliwa kabla ya wakati wake, vumbi la gereji linaingia, silikoni inapakwa kwa wingi mahali pa gasketi na mabaki yake yanakwenda kuziba njia za oili, bolti inakazwa mpaka uzi unakatika. Ile imani kwamba injini ikifunguliwa mara moja hairudi tena kuwa ya kiwandani imezaliwa na mikono ya namna hii. Kazi yenyewe haina mkosi. Silinda inachongwa, inafungwa pistoni ya saizi ya juu, kwa kawaida hatua za 0.25 mpaka milimita 1.00, na injini inaanza maisha mengine, mradi kilomita elfu za kwanza isikimbizwe wala kubebeshwa. Dai vipuri vyako vya zamani mkononi. Fundi mwaminifu hukupa kabla hujadai.

Kigali kuna jambo la kutazama. Tangu 2019 kampuni ya Ampersand imekuwa ikiweka barabarani pikipiki za umeme ambazo betri haimhusu dereva. Ikipungua chaji anaiacha kituoni na kuchukua nyingine. Uchakavu wa betri, ambayo ndiyo kitu ghali kuliko vyote pale, unabebwa na mwenye kampuni, na yeye ndiye anayeipima kila inaporudi. Anayeuona ufa na atakayejenga ukuta amekuwa mtu mmoja. Sisemi umeme ni utakatifu. Nasema wameandika jambo ambalo sisi tumeliacha hewani.

Nasi tunaweza kuliandika bila kusubiri betri. Wewe uliyenunua pikipiki ukamkabidhi kijana, mkataba wako unataja nani atalipa faini ya trafiki na itakuwaje chombo kikiibwa. Chukua kalamu uongeze kifungu cha oili: inabadilishwa kila baada ya kilomita ngapi, inanunuliwa kwa fedha ya nani, na kwamba siku hiyo hesabu haidaiwi. Kisha siku hiyo nenda gereji mwenyewe, mchana, ukiwa na muda.