Deni la Pingili

Asubuhi pale Kilwa Masoko unachagua: chai kwa chapati au chai kwa muhogo wa kuchemsha. Chapati ni ngano, zao ambalo pwani ya Lindi hatulilimi. Ngano ina shujaa wake anayejulikana, Norman Borlaug, aliyezalisha Mexico ngano ya mashina mafupi iliyokuja kuongeza sana mavuno ya India na Pakistan. Mwaka 1970 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ukihesabu faida, unajua umshukuru nani.

Muhogo je?

Mwaka 1936, katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, mtafiti H. H. Storey aliueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ni ugonjwa mnafiki. Shina limesimama, kisamvu unachuma, lakini ukija kung'oa unakuta muhogo umeoza kwa ndani. Kwa mkulima wa pwani, muhogo ni akiba iliyolala ardhini ikingoja siku ya shida. Basi mtu anajua kwamba hana kitu siku ileile anayokwenda kuchukua akiba yake. Kuuza hauuziki, makopa hayatoki.

Storey na wenzake waliuzalisha muhogo pamoja na jamaa yake, mti wa mpira wenye asili ya Brazili, kisha wakaurudisha kwa muhogo tena na tena mpaka ukapatikana unaolika. Kazi hiyo ilikoma mwaka 1957. Lakini pingili zilikuwa zimeshatoka. Huku kusini kuna muhogo uitwao Namikonga. Kenya kuna Kaleso. Watafiti wanaona ni mmea mmoja, na asili yake ni Amani. Kituoni ulikuwa namba tu, 46106/27. Shambani ukapewa jina. Leo wazalishaji wa mbegu wanaurudia Namikonga kwa sababu unastahimili michirizi ya kahawia.

Sasa niambie, huu muhogo ni kazi ya nani? Amani waliuzalisha, sawa. Ila kwa zaidi ya miaka 50 aliyeuweka hai ni mkulima: kila msimu anakata pingili, anapanda, nyingine anampa jirani. Sheria ya mwaka 2012 ya kulinda haki za wagunduzi wa mbegu inamtazama aliyeleta aina mpya. Aliyetunza ya zamani isipotee, huyo eti hajagundua kitu.

Je, alipwe? Zamani ningejibu ndiyo haraka haraka. Siku hizi nasita. Pingili ilifika kote huko kwa sababu watu waliombana na kupeana. Tukidai mrabaha, kwanza tutamlipa nani, shamba la nani? Pili, tutakuwa tumekubali kwamba mbegu ni mali ya kufungiwa, wakati kilichouokoa muhogo huu ni kutofungiwa.

Lakini kusita kulipa fedha si kufuta deni. Deni la pingili hulipwa kwa pingili. Aina mpya yenye damu ya Namikonga ianze kurudi kusini, ikiwa safi, isiyo na ugonjwa. Mkulima aionje kabla haijapitishwa, maana mavuno mengi ya muhogo usioiva vizuri sufuriani si chakula. Na akishaipanda, awe huru kuikata na kumpa jirani bila kumwomba mtu ruhusa.

Hayo si mapya kwake. Ndivyo alivyotufanyia sisi.