Je, Wivu Ndio Kipimo cha Mapenzi?

Ndugu msomaji, miongoni mwa vijana wetu limeenea neno ambalo yafaa tulipime kwa akili na kwa dini. Husemwa kwamba asiyeona wivu hapendi. Basi kijana humnyang'anya mchumba wake simu akasoma habari zake, humkataza kuzungumza na rafiki zake, hata humpiga kofi, naye msichana hujifariji akisema: "Afanya haya kwa sababu ananipenda." Je, ni kweli?

Yatupasa kwanza kutofautisha kupenda na kumiliki. Mwenye mbuzi humfunga atakapo na kumwuza atakapo, wala mbuzi haulizwi radhi yake. Lakini mwanadamu ameumbwa na hiari. Mwenyezi Mungu, Aliye Muumba wetu, hakumlazimisha mtu kumwamini, na Kurani Tukufu imekataza kulazimishana katika dini (2:257). Ikiwa Muumba ameiheshimu hiari ya kiumbe Wake katika jambo kubwa kuliko yote, kiumbe amepata wapi haki ya kuivunja hiari ya mwenziwe?

Labda mtu atasema: mapenzi yakizidi sana, mwenye kupenda hana budi kusamehewa. Jibu limo katika kisa cha Barira, kilichopokewa katika Sahihi Bukhari. Barira alikuwa mjakazi aliyeachwa huru na Bibi Aisha r.a. Alipopata uhuru alipewa hiari ya kubaki na mumewe Mughith, au kumwacha, akachagua kumwacha. Mughith alimpenda mno, akawa anamfuata katika njia za Madina huku machozi yakitiririka ndevuni. Mtume Mtukufu s.a.w. alimhurumia, akamshauri Barira amrudie. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Mtume s.a.w. akajibu kwamba anaombea tu. Barira akasema hamhitaji, na jambo likaishia hapo.

Tafakari, ndugu yangu. Mapenzi ya Mughith yalikuwa ya kweli, na mwombezi wake alikuwa Mtume wa Mungu; walakini neno la mwanamke aliyetoka utumwani halikutenguliwa. Basi kijana wa leo anayemtisha msichana kwa kuwa amemkataa, au amdaiye kwa sababu ya zawadi alizompa, anategemea haki gani? Zawadi ikishadaiwa si zawadi tena, bali ni bei, na mwanadamu hana bei.

Hata ndoa yenyewe haimpi mtu ruhusa ya kumpiga mwenziwe. Katika Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, imetamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mume au mke wake kwa kipigo. Ikiwa mume hana haki hiyo, mchumba ataipata wapi?

Wewe binti usomaye haya, kumbuka kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Akutengaye na jamaa zako leo, akutukanaye kisha akaomba radhi na kurudia, usitumaini kwamba harusi itambadilisha. Mwambie mama, shangazi, au mtu mzima unayemwamini. Kosa la apigaye si aibu ya apigwaye.

Nanyi wazazi, Uislamu wataka uchumba ujulikane nyumbani, kwani ubaya hustawi penye siri. Lakini binti aogopaye kukaripiwa atawaficha hata majeraha yake. Msimwambie, "Ulijitakia mwenyewe." Wala msimlazimishe kuolewa: Khansa binti Khidam, mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, aliozwa na babaye bila ya kuridhika, na Mtume s.a.w. akaibatilisha ndoa ile. Na mvulana ajifunze kwa babaye jinsi ya kukataliwa bila ya kukasirika.

Kurani Tukufu yaeleza kwamba wenzi wameumbwa ili wapate utulivu, na kwamba Mungu ametia kati yao mapenzi na huruma (30:22). Hicho ndicho kipimo. Jiulize, ndugu msomaji: yule umpendaye, akisikia hatua zako mlangoni, moyo wake hutulia au hushtuka?

Mwenyezi Mungu atujalie kupendana bila ya kudhulumiana. Amin.